Prezida na Wembe Wake

Hakuna kiumbe aliyefumua kazi ya mikono yangu mara nyingi kama Prezida, na hapo namhesabu hata panya. Tulikaa kijiji kimoja cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tangu mwishoni mwa miaka ya tisini, tulipofika sote tukiwa bado na vumbi la Kivu ya Kusini kwenye mikunjo ya vitenge, na katika miaka yote hiyo sikumbuki kipande kimoja nilichomkabidhi kikanirudia na nyuzi zake zote. Alikuwa anakishika kwa vidole viwili, mithili ya mtu anayeokota mjusi aliyekufa. Anakigeuza nyuma. Anapitisha kidole gumba juu ya mshono, polepole, huku anatazama mbali kama anayesikiliza redio. Kisha anainua mkono na kuchomoa wembe kutoka kwenye kilemba chake. Ndiyo, kwenye kilemba, umefungwa karatasi ya daftari. Wengine tuliweka pale pesa ya chumvi.

Jina lake nalijua, lakini halina kazi hapa, maana hata watoto wake wa kuzaa walimwita Prezida. Mkongomani ndivyo alivyo. Ukiwakuta wanne wamesimama njiani, jua kuna prezida, kuna makamu, kuna sekreteri na kuna mshika fedha. Wa tano akipita anaitwa mshauri, na anakasirika. Chama chetu kilikuwa cha akina mama washonaji wa kanisa, na mimi ndiye niliyekuwa sekreteri kwa sababu nilikuwa na kalamu.

Urais wake ulianza kwa kosa, na kosa lilikuwa letu. Siku aliposhuka kwenye lori la wakimbizi wapya, wengine walishuka na sufuria, na godoro lililokunjwa, na kuku mmoja aliyechoka kuliko sisi. Yeye alishuka na kichwa cha cherehani juu ya kichwa chake. Hakukishika hata kwa mkono. Alitembea nacho hivyo kutoka kwenye lori mpaka kwenye hema la kuandikisha watu, shingo imenyooka, na sisi tuliokuwa tumekaa kwenye majani tukaangaliana. Kabla jua halijazama kambi nzima ilikuwa inajua kwamba amefika fundi mkubwa. Mchungaji alimtaja katika maombi. Juma lililofuata tukapiga kura, akapita bila mpinzani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza swali dogo ambalo hata mtoto angeuliza: mama, unajua kushona?

Naye hakutusaidia. Ile cherehani aliiweka sebuleni juu ya meza, akaifunika kitambaa cheupe cha kufuma, na mbele yake akaweka maua ya plastiki. Mgeni akiingia alikuwa hajui kama asalimie watu kwanza au apige goti. Haikuwahi kuzunguka hata mara moja. Tulipouliza, tukaambiwa sindano yake imevunjika na nyingine inangojwa kutoka Kampala. Tuliingoja miaka. Mimi kwa ujinga wangu nikaenda Mbarara siku moja, nikaikuta sindano ile ile kwenye duka la Mhindi, nikamletea. Akaishika juani, akaitazama tundu lake, akanirudishia. Akasema hiyo ni ya mashini ya watu wavivu.

Sasa nieleze kazi yenyewe, msije mkadhani tulikuwa tunakaa kubishana tu. Tulishona mablanketi ya vipande. Vipande tuliviomba kwa mafundi wa Base Camp, penye ofisi na soko la kambi, na wa Mbarara mjini, yale makombo yanayoanguka chini ya meza: kitenge kilichovushwa mpakani Kikagate, gomesi linalong'aa, lile gauni la Waganda, kola za mashati, mara moja joho la mwanakwaya. Unakata kila kimoja kwa kipimo cha karatasi ngumu, unaviunganisha vinne vinne, kisha vinne na vinne, mpaka unapata uso mzima. Chini yake unalaza blanketi la kijivu la msaada lililochakaa, chini kabisa shuka, halafu unapiga bandi kupitia vyote vitatu ili visikimbiane. Blanketi moja lilitutoa jasho mwezi mzima. Kwa Prezida ilikuwa miezi miwili, kwa sababu ya wembe.

Alikuwa na misemo yake, na kila msemo ulikuja pamoja na uzi uliokatwa. Alisema mshono ukipinda, na mwanamke aliyeushona amepinda, tusubiri tu. Alisema mbele ya kitambaa ni ya wageni, nyuma ni ya Mungu, ndiyo maana yeye alianza nyuma. Mama mmoja akimjibu kwamba nyuma itafunikwa na shuka, hakuna atakayeona, Prezida alimtazama kwa huruma ya kweli, kama anayemtazama mtu aliyekosa ubatizo. Na jambo lililotuudhi kuliko yote ni kwamba hakukosea. Pale alipofumua palikuwa pabaya. Ungeweza kununa, ungeweza kwenda nyumbani kwa hasira na kumpiga mtoto asiye na kosa, lakini kesho yake ukishona upya unaona mwenyewe kwamba blanketi sasa linalala.

Chuki yetu tungeimeza kirahisi, kama si liste, ile orodha ya majina.

Kila mwaka mara moja, baada ya mavuno ya maharage, tulikuwa na retreti. Mjane mmoja Mnyankole wa kanisa rafiki, mwenye shamba kwenye kilima nje ya Mbarara, alitualika siku tatu kwenye nyumba yake kubwa ya bati jekundu, tukae kando na makazi yetu, tuombe na tushone. Gari la kanisa lilikuja kutuchukua. Lakini mkimbizi hatoki kambini kama upepo. Sharti barua ya ruhusa ipigwe mhuri Base Camp, na ofisi ilikubali majina kumi na mawili. Tukipeleka kumi na matatu, karani anarudisha karatasi nzima. Washonaji tulikuwa karibu thelathini. Na mwenye kuamua nani aende ni Prezida, kwa kanuni aliyoitunga mwenyewe: kila mama alete kipande kimoja alichoshona kwa mkono wake pande zote nne, na kipande kikishinda wembe, jina linaandikwa.

Mtu wa mjini anaweza kucheka. Siku tatu tu, kwa nini watu wanyimane salamu? Basi aje alime ekari ya mawe mwaka mzima, achote maji, apange foleni ya mahindi, halafu aambiwe kuna mahali ambapo ataamka akute chai imepikwa na mtu mwingine. Ile baraza ya mjane ilikuwa ndefu, na sakafu yake ya saruji nyekundu ilikuwa baridi. Tulikaa kumi na mbili, miguu tumenyoosha, blanketi moja kubwa limelala juu ya mapaja yetu sote, na kila mmoja anashona kuanzia pale alipo. Hakuna aliyeita "mama." Hakuna aliyelia njaa. Chini ya kilima ng'ombe wenye pembe ndefu walipita bila kutuuliza kitu. Tulisengenya mpaka uzi ukaisha. Tulicheka mpaka mke wa shemasi, mwanamke mzito mwenye heshima zake, akajichoma sindano akacheka na hilo pia. Maombi yalikuwa asubuhi, mafupi. Kwenye taarifa ya mchungaji mimi niliandika kwamba tuliomba sana. Nikiulizwa mbinguni nitajibu kwamba ile furaha ilikuwa maombi, na nitaona watakavyosema.

Prezida mwenyewe alikuwa kichekesho kule. Siku ya kwanza alisema hawezi kula eshabwe, ile samli ya Kinyankole inayopigwa mpaka inakuwa nyeupe na nzito, eti ni siagi iliyosahauliwa. Siku ya pili alisema ataonja kwa heshima ya mwenyeji. Siku ya tatu tulimkuta jikoni anapangusa bakuli kwa kipande cha tooke, ile ndizi ya kupikwa, na alipotuona akasema anaangalia kama limeoshwa vizuri. Yeye na mjane hawakuwa na lugha moja. Prezida alisema Kiswahili chetu cha Kivu, mjane alichanganya Kinyankole na kile Kiswahili chao cha askari, na walikaa kwenye viti viwili jioni nzima wakikubaliana kwa vichwa. Mjane alieleza habari ya mguu wake unaouma. Prezida alijibu kwa kueleza ubaya wa uzi wa nailoni. Waliagana wameridhika sana.

Nisimchafue bila kusema na hili. Mwaka mmoja tulikuwa tumemaliza blanketi zuri kuliko yote, la nyota nyekundu katikati, na lilikuwa limeahidiwa mke wa mchungaji. Siku hiyo hiyo mwanamke mgeni alijifungulia kwenye majani nyuma ya hema la mapokezi, mvua inakuja. Prezida alilichukua lile blanketi bila kumwuliza mtu, akaenda akawafunika, mama na kichanga, na damu ikaingia kwenye nyota. Mke wa mchungaji alipokuja kulidai, Prezida alimwambia limeliwa na panya. Lote? Lote, akasema, na akaongeza kwamba panya wa Uganda hawana mipaka. Mke wa mchungaji hakumsemesha mpaka Krismasi. Lakini mama yule mgeni alipojiunga na chama baadaye, Prezida alifumua kipande chake cha kwanza mbele ya watu wote, mtoto yuko mgongoni.

Siri yake niliipata kwa bahati. Nilimpelekea daftari asubuhi moja nikamkuta nyuma ya nyumba, amesimama na khanga kifuani, na fundi jirani, mwanaume, anamshonea kwapa la blauzi yake ya Jumapili. Nikajificha nyuma ya migomba. Nikaanza kukumbuka: pindo la gauni lake lililoshikwa na pini, sindano ya Kampala isiyofika, zile retreti zote ambazo yeye alikaa katikati yetu akigawa uzi, akikemea, akifumua, na sikuwahi kuuona mkono wake ukishona kwenda mbele. Nyani haoni kundule, nikasema moyoni, lakini mimi nimeliona. Mwaka ule kipande changu kilikuwa kimeshindwa na wembe mara tatu kabla ya kupita. Nililala na ile siri kama mtu aliyelala na hirizi.

Sikumwambia mtu. Nilitaka aibu yake iwe na watazamaji. Tulipofika kwa mjane, nikamfuata mwenyeji wetu huyo jikoni. Binti yake alikuwa anakaribia kuolewa, na blanketi tulilokuwa tunashona lilikuwa zawadi yake. Nikampa wazo: ingependeza kila mama ashone kipande kimoja mbele ya bi harusi, kwa mkono wake, kama baraka. Kila mama, nikarudia, hata Prezida. Mjane alifurahi akanishika mashavu.

Siku ya pili baada ya chai akatoka barazani na binti yake. "Mimi nataka nyinyi yote mushone, moja moja," akasema, "binti yangu aone mukono ya kila mutu. Presidenti atamaliza, yeye mukubwa."

Tukashona. Sindano ikapita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na mimi nikawa nahesabu inavyomkaribia. Ikamfikia Prezida, ina uzi tayari. Aliitazama. Alimtazama bi harusi. Akaiweka kwenye paja, taratibu, na akasema kwa sauti ile ile aliyotumia kuagiza maji:

"Mi siyui kushona. Hata siku moya sikushona. Bwana yangu njo alikuwa anashona, mi nilikuwa namufumulia."

Akaeleza, kwa maneno machache. Kwetu kule mijini cherehani ilikuwa kazi ya wanaume. Mume wake alikuwa fundi wa kugeuza makoti: koti likichakaa nje, unalifumua lote, unaligeuza ndani kuwa nje, unalishona upya, na mteja anatembea na koti jipya. Yeye alikaa karibu na cherehani miaka yote ya ndoa, wembe mkononi, akifumua. Vita vilipokuja mume alibaki kule, chini ya udongo, na yeye akabeba alichoweza. Tuliposema fundi amefika, alikuwa amechoka mno kutukatalia. Halafu siku zikapita, akaona haya.

Nilingoja mshangao. Nilingoja mikono mdomoni. Mama Neema, jirani yangu, mwanamke wa kucheka na mwenye miguu mikubwa, akakohoa kidogo.

"Tunayua, Prezida," akasema. "Tunayua tangu zamani. Ona hii ya Sekreteri, iko inapinda."

Na akamsukumia kipande changu. Walikuwa wanajua wote. Mmoja aliona pini, mwingine aliona fundi, mwingine alimjua tangu kule kwetu Uvira, na kila mmoja alikuwa ameitunza ile siri peke yake miaka yote akidhani akiifungua itamwua Prezida. Wakaanza kucheka, na Prezida naye akacheka, akatoa wembe kwenye kilemba, akafumua kipande changu pande zote nne. Bi harusi akapiga makofi. Ndipo mjane, kwa roho safi kabisa, akanishika bega na kuwatangazia wote kwamba Sekreteri wao ndiye aliyempa hiyo akili nzuri.

Kicheko kikakatika. Prezida alinitazama mara moja tu, kisha akarudi kwenye uzi.

Mwaka uliofuata jina langu halikuwa kwenye liste. Na uliofuata pia. Nilishona vipande ambavyo hata leo naweza kuvionyesha kwa fahari, akavipokea, akavigeuza, akafumua, akasema nijaribu tena mwakani. Sikuweza kulalamika. Ningelalamika kwa nani, na ningesema nini? Siku gari la kanisa lilipopita mimi niliinama shambani nikajifanya napalilia. Niliumia. Nisiseme uongo, niliumia kuliko nilivyoumia kwa mambo makubwa zaidi.

Aliyenitunza wakati ule ni Mama Neema. Aliporudi kutoka kwa mjane alikuja kwangu kabla hajafika kwake, na mafurushi yake kichwani, akaniletea samli kidogo kwenye jani la mgomba, na habari zote, nani alisema nini, nani alilala kwenye maombi. Mara moja aliniletea hata uzi uliobaki, eti tuumalize pamoja. Alikuwa mshonaji mbaya, maskini. Mishono yake ilikuwa mirefu, ya mtu anayeongea huku anashona, na alipenya liste kila mwaka kwa shida, mara nyingi kwa sababu alimchekesha Prezida mpaka wembe ukasahau. Lakini mtu mwenye roho kama yake sijampata tena.

Basi miaka ikaenda. Prezida akaugua, akaenda kukaa Mbarara kwa binti yake karibu na hospitali, macho yakaanza kumfifia. Chama kikanichagua mimi, nikapewa mhuri, na daftari, na liste. Kwa miaka miwili nilikuwa prezida, na kwa miaka miwili watu walisema, "Sekreteri, Prezida hajambo?" wakimaanisha yule aliye Mbarara. Nilikwenda retreti zote mbili. Nilikaa katikati ya baraza. Kanuni ya vipande sikuigusa, nikajisemea ni kwa ajili ya heshima ya chama.

Kisha akarudi. Nilimkuta Base Camp, nje ya ofisi, mimi nikiwa kwenye foleni na barua yangu ya majina kumi na mawili mkononi, nangoja karani amalize chai. Alikuwa ameshika fimbo na mjukuu wake wa kike amemshika mkono. Amekonda, kilemba kimekuwa kikubwa kuliko kichwa. Alinitambua kwa sauti, nilipokuwa nagombana na mtu aliyeniruka kwenye foleni. Akauliza kama liste imeshapigwa mhuri. Nikamwambia bado.

"Nitie," akasema. "Mi nataka kukaa tena kwa ile barza. Mara moya tu, na nitatosheka."

Ningeweza kusema ndiyo pale pale. Alikuwa mzee, haoni vizuri, na ile baraza ilikuwa kama ya kwake. Lakini kuna kitu kilinipanda, na nakitaja kwa jina lake: ilikuwa furaha. Nikamwambia kwa adabu zote, kwa sauti tamu ambayo sikujua kwamba ninayo, kwamba kanuni ni kanuni, na kanuni ni yake. Alete kipande alichoshona, pande nne. Ofisi itapokea barua mpaka kesho saa nne.

Hakubishana. Aligeuka na fimbo yake akaenda, na mimi nikarudi nyumbani na barua yangu bila mhuri, nikala vizuri, na nililala kama mtoto.

Kesho yake alikuwa pale kabla yangu. Amekaa kwenye tofali nje ya ofisi, kipande juu ya goti. Nikakipokea. Nikakigeuza nyuma, maana hivyo ndivyo nilivyofunzwa, nikapitisha kidole gumba. Upande wa kwanza ulikuwa wa mke wa shemasi, anayevuta uzi mpaka kitambaa kinakunja uso. Wa pili ulikuwa wa mshika fedha wetu, mishono midogo kama mayai ya chawa. Wa nne ulikuwa wa yule mama aliyejifungulia kwenye majani. Wa tatu ulikuwa mishono mirefu, inayoruka, na niliposhika pale niliona Mama Neema anavyocheka. Walikuwa wamezunguka kwa Prezida jana hiyo hiyo baada ya kusikia, na hakuna aliyepita kwangu.

"Umeona mikono ya banani?" Prezida akauliza.

Nikamjibu nimeona ni ya akina nani.

"Ile upande ya tatu iko mubaya," akasema. "Fumua."

Nilikuwa na wembe. Ulikuwa kwenye fundo la kitenge changu, na sijui nilianza kuubeba lini. Nikafumua upande wa tatu, pale pale kwenye foleni, na ulikuwa mbaya kweli, ulitoka wote kwa mvuto mmoja. Nikaushona upya nimesimama. Nikampa. Akapitisha gumba, akaguna, akakikunja akakitia kifuani. Kipande kilikuwa kimepita. Jina lake lilikuwa na haki ya kuandikwa, na liste ilikuwa imejaa.

Karani aliita. Nikakunjua karatasi, nikaiegemeza ukutani na kutoa kalamu. Jina langu lilikuwa la kwanza, kwa hiyo kalamu ilianzia la pili. Nilishuka nayo, jina moja moja, kila jina lina sababu ya kubaki: huyu anaimba, huyu anashona vizuri, huyu ameomboleza mwaka huu. Nilipofika kwa Mama Neema nilikumbuka mshono mrefu niliotoka kuufumua, nikajiambia chama lazima kiwe na kiwango. Nikakata. Juu yake nikaandika jina la Prezida kwa herufi nzuri, na karani akapiga mhuri bila kutazama.

Sikumwambia Mama Neema. Niliacha ajue mwenyewe asubuhi ya safari, kwa kuona gari halisimami kwake. Mimi na Prezida tulikaa mbele na dereva, yeye dirishani, mimi katikati. Tulipofika kwenye kona ya shamba la Mama Neema alikuwa analima, mgongo umeinama, na aliposikia gari akanyooka. Alituona. Akainua jembe juu akatupungia nalo, akapiga kelele tumsalimie mjane, tusimsahau na samli, na alikuwa anacheka.

Prezida, ambaye alisikia sauti lakini macho hayakufika, alinigeukia akaniuliza ni nani yule.

Nikamwambia ni mtu tu, analima.